Pima Mguu Wako Kabla ya Kununua Pikipiki

Katika mazungumzo yetu ya leo tunaweka kando habari za mbegu na wadudu waharibifu, tuzungumze juu ya chombo ambacho siku hizi kimeingia vijijini hata pale ambapo gari halifiki. Chombo chenyewe ni pikipiki. Wapo watakaouliza, bibi shamba na pikipiki wapi na wapi? Naam, mbolea hufika shambani kwa pikipiki, maziwa huenda kwenye kituo cha kupokelea kwa pikipiki, na hata mganga wa mifugo humfuata ng'ombe wako kwa pikipiki. Kwa hiyo chombo hiki ni zana ya kilimo kama jembe lilivyo zana.

Sitazungumza juu ya pikipiki kwa jumla. Nataka kuzungumza na mkulima anayenunua pikipiki yake ya kwanza, na ambaye Mungu hakumjalia miguu mirefu. Kama wewe ni mrefu usiondoke, maana huenda mkeo, binti yako au mdogo wako ni mfupi, na wewe ndiye utakayeombwa kumsindikiza dukani. Mimi mwenyewe nina urefu wa sentimita 153, na kazi ya ugani hunipitisha kwenye vilima na makorongo kwa pikipiki karibu kila juma. Haya nitakayosema siyo ya kusimuliwa.

Katika vijiji vya milima ya Usambara, juu ya Lushoto, yupo mama mmoja anayelima viazi na kabichi. Aliuza ng'ombe wawili, akaongeza akiba yake ya kikundi, akaenda mjini kununua pikipiki. Waliomsindikiza walikuwa kaka yake na shemeji yake, wote warefu. Wakamchagulia pikipiki ndefu, yenye tairi za meno makubwa na madigadi ya mbele iliyoinuka juu, wakasema hii ndiyo ya milimani. Na kweli, ni ya milimani. Lakini mama akikaa juu yake ni ncha za vidole tu zilizogusa chini, tena za mguu mmoja. Njiani, ikienda, hakuwa na tabu. Tabu ilikuwa kusimama. Siku ya nne alisimama kwenye mteremko kupisha lori la mboga, akashusha mguu wa kushoto, mguu ukakuta hewa. Pikipiki ikamlalia. Kifundo cha mguu kikateguka na maziwa yote yakamwagika. Tangu siku hiyo pikipiki ile inaendeshwa na kijana wa shemeji yake, anapakia abiria, na mama mwenyewe akitaka kwenda sokoni Lukozi hupanda nyuma. Tena mafuta analipa yeye.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko kifundo cha mguu. Kifundo kimepona. Lakini ng'ombe wawili wamekwenda, na chombo kilichonunuliwa kwa jasho la mama huyu sasa kinafanya kazi ya mtu mwingine. Pikipiki usiyoweza kuisimamisha mwenyewe itakuwa ya mwingine, hata kama kadi ina jina lako.

Hebu tuangalie kwa nini kusimama ndiko kwenye tabu. Pikipiki ikiwa inakwenda, mwendo wenyewe huisaidia kusimama wima, na hapo mrefu na mfupi ni sawasawa. Ikisimama, wewe ndiye nguzo. Pikipiki za kawaida zinazouzwa kwetu zina uzito wa kati ya kilo 100 na 125 zikiwa tupu. Ikiinama kidogo tu, hata mtoto wa shule anaweza kuizuia kwa mkono mmoja. Ikizidi kuinama, uzito unakua haraka, na ikifika mahali fulani hakuna mwenye nguvu za kuirudisha. Sasa, mtu mrefu hugusa chini pikipiki ikiwa bado wima. Mtu mfupi aliye juu ya pikipiki ndefu ni lazima kwanza ailaze upande ndipo mguu ufike. Maana yake ni kwamba anaanza kuizuia ikiwa imekwisha kukaribia pale pasiporudishika. Si suala la ushujaa wala la nguvu za mikono. Ni suala la sentimita.

Basi tuanze na hizo sentimita. Kabla hujaenda dukani, pima mguu wako. Vaa viatu utakavyovaa siku za kazi, kama ni gambuti vaa gambuti. Simama umeegemea ukuta, achanisha miguu kiasi cha upana wa kiganja na nusu. Chukua kitabu kigumu au kipande cha ubao, kiweke kati ya mapaja, ukisukume juu mpaka kikome, kingo yake moja ikigusa ukuta. Mtu mwingine atie alama ukutani pale juu ya kitabu, kisha apime kutoka alama hiyo hadi sakafuni kwa futi ya fundi cherehani. Mguu wangu kwa kipimo hicho ni sentimita 69 bila viatu, na 72 nikiwa na gambuti. Andika kipimo chako kwenye karatasi, uiweke pamoja na fedha zako. Karatasi hiyo ina kazi kubwa kuliko ushauri wa watu watano waliokaa kwenye benchi la gereji.

Usiridhike na kujua kimo chako tu. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana miguu kwa sentimita nne au tano. Mmoja ana kiwiliwili kirefu, mwingine miguu mirefu. Kwenye pikipiki kiwiliwili hakikusaidii.

Ukifika dukani, omba pikipiki iteremshwe kwenye stendi na ishikwe wima na mtu. Pima kutoka chini hadi sehemu ya kiti iliyo chini kabisa, pale mbele anapokaa dereva. Kwa pikipiki ndefu za barabara mbaya, jamii ya zile Honda XL na Yamaha DT ambazo maofisa ugani na watu wa miradi walizitumia miaka mingi, utakuta kipimo kinazidi sentimita 80. Kwa hizi za kawaida ambazo vijana wa bodaboda wanazitumia, mara nyingi utakuta kati ya 75 na 80. Usimwulize muuzaji, pima mwenyewe. Muuzaji anajua bei, na pengine anajua mwendo wa mafuta, lakini mguu wako haujui.

Sasa utasema, bibi shamba, mguu wako ni 72 na kiti ni 77, mbona unaendesha? Swali zuri. Yapo mambo matatu ambayo futi haiyaonyeshi.

La kwanza, ukikaa pikipiki hushuka. Shokapu na foki hubonyea chini ya uzito wako, sentimita mbili au tatu kwa pikipiki za kawaida, na zaidi kidogo kwa zile ndefu. La pili, wayo si gogo. Ukisimama kwa nusu ya mbele ya wayo unaongeza sentimita kadhaa, na kusimama hivyo ni kuzuri kabisa, wala si lazima visigino vyote viguse chini. La tatu ni upana, na hili ndilo watu hulisahau. Kiti kipana huyatawanya mapaja, na kila paja linapotawanyika mguu unafupika. Nimeona pikipiki mbili zenye viti vya urefu mmoja, moja nafika vizuri, nyingine nabaki nikichezacheza kwa vidole, kwa sababu tu kiti cha ile ya pili ni kipana mbele na vifuniko vya pembeni vimevimba. Kwa hiyo tazama kiti kwa juu. Kikiwa chembamba pale kinapokutana na tangi, hicho ni rafiki yako.

Baada ya futi, kaa. Usikae kama mtu anayepigwa picha. Kaa pale utakapokaa unapoendesha, mikono miwili kwenye usukani, jicho mbele. Mwambie mwenzako achutame atazame miguu yako. Kwa mtu anayejifunza, kipimo changu ni hiki: nusu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse chini kwa wakati mmoja, pikipiki ikiwa wima. Ikiwa ni vidole tu, iache. Mwendesha pikipiki mzoefu anaweza kuishi na vidole vya mguu mmoja, maana ameshajua kuhamisha makalio upande mmoja wa kiti na kuchagua mahali pa kusimama. Wewe unayeanza una mambo mengine ya kufikiri: klachi, gia, breki, mbuzi barabarani. Usijiongezee.

Kisha shuka, uisukume. Zunguka nayo mara mbili uani, kushoto na kulia, halafu ivute kinyumenyume. Ipandishe kwenye stendi kubwa ya kati peke yako, bila mtu kukushikia. Mtu mwepesi hufanya hivyo kwa kukanyaga stendi kwa uzito wote wa mwili huku mkono mmoja ukivuta keria juu, siyo kwa kuinyanyua kwa mgongo. Ukishindwa baada ya kuonyeshwa vizuri, hiyo si pikipiki yako, kwa kuwa nyumbani hakuna muuzaji wa kukushikia. Na shika mishikio ya klachi na ya breki ukiwa na vidole vilivyonyooka. Wafupi wengi tuna viganja vidogo. Kama vidole haviufikii mshikio bila kuachia usukani, mwambie fundi aurekebishe pale pale dukani, au tafuta nyingine.

Niseme juu ya kuwasha injini. Pikipiki nyingi za sasa zina starta ya umeme pamoja na kiki. Mtu mrefu ataiona starta kama anasa. Kwa mfupi siyo anasa hata kidogo. Fikiria injini imezima katikati ya kilima, nyuma kuna debe mbili za maharage. Ili upige kiki ni lazima uinue mguu wa kulia, na hapo pikipiki yote na mzigo wake vimebaki juu ya ncha ya mguu wako wa kushoto, wala breki ya mguu haikanyagwi na mtu. Kwa kitufe cha starta miguu inabaki mahali pake. Basi nunua yenye vyote viwili, na kiki iwe akiba ya siku betri ikifa, uipige pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya kati, mahali tambarare.

Ukubwa wa injini usikusumbue sana. Kwa kazi za shamba dogo, injini ya 100 au 125 inatosha. Kwa milima mikali na mizigo ya kila siku, 150 ina haki yake. Tofauti ya uzito kati yao mara nyingi si kubwa, na yawezekana kabisa ukakuta ya 150 yenye kiti kilicho chini kuliko ya 125. Kwa hiyo usiikimbie kwa namba yake wala usiifuate kwa namba yake. Futi na makalio ndivyo viamue.

Ipo jamii nyingine ya pikipiki ambayo vijana wetu huicheka, nami huitetea. Ni zile zenye bodi iliyobonyea katikati, hazina tangi mbele ya kiti, na gia zake hubadilishwa bila klachi ya mkono. Wazee watazikumbuka, walimu na wahubiri wengi walizipanda zamani. Ya Honda iitwayo Super Cub ilitoka Japani mwaka 1958, na waliyoibuni walitaka chombo ambacho mpeleka chakula anaweza kukiendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika sinia. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Hakuna gari wala pikipiki nyingine iliyotengenezwa kwa wingi huo duniani, basi anayecheka na acheke. Kiti chake si lazima kiwe chini sana kuliko cha pikipiki nyingine, lakini ni nyepesi, na mguu unapita mbele ya kiti badala ya kurushwa juu yake. Kwa mama aliyevaa kanga, au kwa yeyote aliyefunga tenga refu nyuma, hiyo ni faida kubwa. Ikiwa vipuri vyake vinapatikana mjini kwenu na unapita njia zisizo na mawe makubwa, usiiache kwa kuogopa kuchekwa. Vipuri ndivyo vya kuuliza kwanza. Skuta ndogo, hizo zenye magurudumu kama ya toroli, zina kiti cha chini pia, ila makorongo yetu huyameza magurudumu hayo. Ziache mjini.

Tuseme sasa umepata pikipiki nzuri, bei nzuri, imezidi mguu wako kwa sentimita mbili tatu tu. Je, inaweza kushushwa? Inaweza, lakini si kila njia ni njia.

Njia iliyo salama ni kuchonga sponji ya kiti. Mpelekee fundi wa viti, afungue kifuniko, apunguze sponji sentimita mbili au tatu pale mbele, na zaidi ya yote apunguze pembeni ili kiti kiwe chembamba kati ya mapaja. Nyuma kwa abiria asiguse. Gharama yake ni ndogo, na usipoipenda unaweza kurudisha sponji nyingine. Usikubali apunguze mpaka ukalie bati; kwa safari ya saa nzima utajuta, na mgongo wako ndio unaobeba jembe kesho yake.

Njia ya hatari ni kukata springi za shokapu, au kuziteremsha foki na shokapu kwa kubahatisha. Mafundi wengine watakwambia ni kazi ya nusu saa. Ni kweli ni nusu saa. Lakini pikipiki iliyoshushwa hivyo, ukiipakia mfuko wa mbolea wa kilo 50, tairi la nyuma linagonga madigadi, bomba la moshi na tumbo la injini vinaburuza kwenye tuta la katikati ya njia, na stendi ya pembeni, ambayo sasa ni ndefu kupita kiasi, inaiacha pikipiki wima mno. Upepo mdogo tu, au kuku akirukia kiti, imelala. Shokapu nyingi zina pete ya kulegeza na kukaza. Kuilegeza kunashusha kidogo ukiwa peke yako, lakini kumbuka kuikaza tena siku ya mzigo. Zaidi ya hapo, usiruhusu nyundo wala msumeno.

Na kwa kuwa tumetaja shokapu, jihadhari na pikipiki iliyotumika. Mkulima mfupi huingia kwenye mtego mmoja ambao mrefu hauoni. Anafika kwa mwenye kuuza, anakaa, miguu inafika chini vizuri, anafurahi, anatoa fedha. Kumbe imeshuka kwa sababu shokapu zimekufa. Atakapoweka mpya, kiti kitapanda, na atajikuta ananing'inia. Kwa hiyo kabla ya kukaa, bonyeza kiti kwa nguvu kwa mikono miwili na uachie. Kikirudi juu taratibu mara moja na kutulia, ni vema. Kikichezacheza kama godoro, au kikibaki chini, au ukiona mafuta yametambaa kwenye shokapu na foki, basi kipimo cha kiti hicho ni cha uongo. Mengine ya pikipiki kuukuu ni yale yale ya siku zote: tazama fremu kama imechomelewa, linganisha namba za fremu na injini na zile za kwenye kadi, na usilipe kabla kadi haijaonekana.

Twende kwenye mzigo, maana hapo ndipo pikipiki ya mkulima inapotofautiana na ya mtu wa ofisini. Debe la lita 20 la maziwa ni kilo 20 na ushei. Likifungwa juu ya keria liko nyuma na juu, na pikipiki ambayo uliimudu ikiwa tupu inageuka. Lile lile, likigawanywa madumu mawili ya lita 10 yanayoning'inia pande mbili, chini ya usawa wa kiti, hulihisi sana. Basi kwa mfupi nasema mzigo ushuke chini, ulingane pande zote, usipite upana wa usukani. Gunia la mahindi la kilo 100 usilipakie. Najua utawaona wanaopakia; watazame wanavyosimama, utaona wengi wao huruka chini wakimtafuta mtu wa kuwashikia.

Tena tenga refu nyuma linaziba njia ya mguu. Mwenye miguu mirefu huurusha juu ya mzigo. Wewe huwezi, na ukijaribu utaiangusha pikipiki kabla hujaiwasha. Kaa kwanza, kisha mwenzako apakie na kufunga, au inua mguu uupitishe mbele, kati ya kiti na tangi, pikipiki ikiwa imeegemea stendi. Abiria naye apande baada ya wewe kutulia na kumwambia panda. Ashuke unapomwambia shuka. Abiria anayejirusha upande mmoja bila taarifa amewaangusha wengi, hata warefu.

Kuhusu mahali pa kusimama, sikiliza hili vizuri kwa sababu hutalisikia dukani. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatiririke pembeni. Kwa hiyo ukisogea ukingoni ukasimama, ardhi iliyo chini ya mguu wako wa kushoto iko chini zaidi kuliko ile iliyo chini ya tairi. Na mguu wa kushoto ndio unaoutegemea, kwa kuwa wa kulia uko kwenye breki. Yule mama wa Usambara hakukosa nguvu. Alisimama mahali ambapo ardhi ilimkimbia. Unapotaka kusimama, tazama mapema, hatua ishirini mbele: tafuta sehemu tambarare, au kituta, au jiwe bapa upande wa kushoto. Usisimame kando ya mtaro. Usisimame na tairi zote mbili ndani ya mfereji uliochimbwa na magari wakati kingo zake ni za utelezi. Punguza mwendo ukiwa umenyooka, siyo ukiwa unakata kona. Hamisha makalio kidogo kuelekea kushoto wakati tairi zinasimama, ushushe mguu mmoja kwa uhakika, wayo mzima, badala ya miwili kwa vidole.

Haya hujifunzwi barabarani. Tafuta uwanja wa mpira asubuhi watu hawajaja, pikipiki ikiwa tupu, ufanye kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, mpaka uchoke. Siku nyingine fanya hivyo kwenye mteremko mdogo. Baadaye funga mfuko wa mchanga wa kilo kumi nyuma, urudie. Juma moja la namna hiyo ni bora kuliko kupelekwa mara moja tu na kijana anayekuambia usiogope. Halafu pata mafunzo na leseni ya pikipiki, kofia ngumu yako na ya abiria, na viatu vinavyofunika kifundo. Ndala si kiatu cha pikipiki, na kiatu cha kisigino kirefu hakikuongezei urefu unaoutaka, kinateleza.

Na siku ikianguka, maana kuanguka kupo, usipigane nayo. Iachie, ondoa mguu. Zima injini, funga koki ya mafuta, tia gia ili isiteleze. Kama imelalia upande wa kulia, fungua stendi ya pembeni kwanza, ili ikiinuka isipitilize ikaangukia upande wa pili. Ondoa mzigo. Kisha ipe mgongo, makalio yako yaegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine ushike keria au fremu, uchutame, na urudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo ukisukuma kwa miguu. Mimi na kimo changu hiki naiinua ya kilo 120 kwa namna hiyo. Ninayoshindwa kuinua ni ile yenye mzigo ambao sikuufungua.

Ikiwa umepima, umekaa, umesukuma, na kila uliyoijaribu imekuzidi, zipo njia nyingine. Katika vijiji vya bondeni, kikundi cha watu watano sita wanaweza kununua toyo, pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo haikudai mguu hata kidogo na inabeba magunia kadhaa kwa safari moja. Milimani kwenye vichochoro haifai. Huko ni heri kusubiri msimu mmoja mwingine mpaka ipatikane pikipiki inayokufaa.

Na wewe uliyeombwa kumsindikiza mtu dukani, shemeji, kaka au mume, tafadhali mwache anayenunua akae yeye. Usimkalie pikipiki yake kumwonyesha ilivyo nzuri. Wewe chukua futi, uchutame, umtazame miguu.

Juma lijalo tutarudi shambani: nitaeleza namna ya kuchagua viazi vya mbegu kutoka kwenye mavuno yako mwenyewe, na kwa nini viazi vidogo vinavyobaki mwisho wa gunia siyo mbegu. Kwa leo, kwaheri, ndugu mkulima.